Gauni la Nje Ndani

Mama Makoti aliteremka kwenye ndege akiwa ndani ya koti la sufu, zito na refu kupita magoti, katika nchi ambayo Desemba yake mbwa hulala chali vivulini. Si kwamba hakujua. Joto lenyewe ndilo lililomtoa kwake. Lakini begi lilishajaa hadi zipu inalia, koti likakosa pa kuingia, na mtu aliyekula chumvi yake yote akishona makoti ya watu hawezi kulitelekeza lake uwanjani eti kwa sababu jua limewaka. Basi akalivaa. Alipofika mlango wa kutokea, jasho lilikuwa limeshamfikia kwenye soksi.

Pale nje walimngoja wenyeji wake wawili. Mmoja ni Marinda, rafiki yake wa tangu usichana, na wa pili ni mume wa Marinda, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva ingawa alishastaafu na gari lake la mizigo lilishauzwa kama vyuma chakavu. Dereva alipomwona mgeni alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shemeji! Umekuja na jiko mgongoni?"

"Nimekuja na nguo zangu. Wewe nipokee begi, acha maneno."

Marinda alisogea akiwa ametanguliza mikono, akamkumbatia mwenzake pamoja na koti na jasho lake, akakaza, akalegeza, akakaza tena chini kidogo ya mbavu. Mpita njia angesema ni mapenzi tu. Mapenzi yalikuwepo, tena tele, lakini Mama Makoti alijua kinachoendelea pale. Alikuwa anapimwa.

"Vua hilo koti," Marinda akamnong'oneza. "Linanidanganya kiuno."

Mambo ya kupimana kwa kukumbatiana yalianza zamani, wakati wawili hao wanajifunza ushonaji kwa fundi mmoja mwanamke, mkali kama pilipili, waliyemwita Bi Mkubwa. Chumba cha Bi Mkubwa kilikuwa na cherehani, pasi ya makaa, meza ya kukatia na futi moja ya kupimia. Futi yenyewe mbuzi aliitafuna mwanzo, ikawa inaanzia inchi ya nane. Kila ukimpima mteja sharti uondoe kile alichokula mbuzi, na hesabu hiyo ilikuwa ikiwapiga chenga wasichana wale. Leo wamesahau kuondoa, kesho wameondoa mara mbili, na sketi zikatoka ambazo mama na binti wangeweza kuingia pamoja. Siku moja Marinda, kwa kuchoka, alimkumbatia tu mwenzake, akageuka, akaenda kukata. Gauni lilikaa mwilini kana kwamba lilimiminwa. Tangu hapo futi ikabaki ya wateja, na wao wakapimana kwa mikono.

Hapo ndipo walipojiwekea desturi yao. Kila Krismasi kila mmoja amshonee mwenzake gauni kwa siri, wakabidhiane jioni ya mkesha, na kesho yake livaliwe kutwa, bila kujaribiwa kwanza na bila kulalamika. Sharti la mwisho ndilo lililowatoa jasho. Mwaka mmoja Mama Makoti, ambaye enzi hizo hakuwa mama wa mtu wala wa koti bali Kijiti tu kwa wembamba wake, alikosea shingo, akaikata ndogo. Marinda alishinda sikukuu nzima macho yamemtoka kama mtu aliyemeza mfupa, akila kwa kijiko cha chai, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba gauni ni zuri na linampendeza. Hakufungua hata kifungo mpaka jua lilipozama.

Kisha maisha yakawatawanya. Marinda alimfuata Dereva akavuka naye mpaka, akafungua chumba cha kushonea katika mtaa wa ugenini mpaka ugeni ukamtoka. Kijiti alifuata kazi kwenye nchi za baridi, akakaa huko hata nywele zikageuka rangi, akibadilisha zipu na bitana za makoti katika kiduka chenye dirisha linalotazama ukuta. Krismasi za huko alizizoea, lakini hakuzipenda hata siku moja. Giza linaingia mchana. Watu wanajifungia, taa zinawaka madirishani, na yeye anakula chakula chake akiwa amekitazama kipasha joto cha umeme kama mtu anayetazama mgeni asiyezungumza. Alipofiwa na mumewe hata huyo wa kumpitishia chumvi hakuwepo tena. Ndipo Marinda akapiga simu. Hakupiga soga kama kawaida yake.

"Kijiti, njoo Krismasi hii. Nakuomba."

Marinda na kuomba ni vitu viwili visivyojuana. Mama Makoti alikata tiketi wiki hiyohiyo.

Siku za mwanzo alikuwa kama mtoto aliyefunguliwa mlango. Aliamka alfajiri kwa raha ya kukanyaga sakafu ya baridi kwa nyayo tupu. Aliosha nguo ambazo hazikuwa chafu, mradi tu azianike na kuziona zikikauka kabla hajamaliza kuanika nyingine. Mchana alikaa kwenye ngazi za nyuma, akaloweka miguu kwenye beseni, akasikiliza redio ya jirani ikiimba nyimbo za Krismasi na watoto wakigombania viatu vipya ambavyo walikatazwa kuvigusa. Sebuleni kulikuwa na mti wa plastiki, na Marinda aliupachika pamba kila tawi kuwa ndiyo theluji.

"Hebu tuambie ukweli, shemeji," Dereva alimuuliza, "theluji inanukaje?"

"Hainuki kitu. Ndiyo ubaya wake."

Kilichomshika zaidi ni chumba cha kushonea. Kilikuwa upande wa barabara, na dirisha lake lilikaa wazi kutwa. Marinda alipopitisha pasi ya moto juu ya pamba iliyonyunyiziwa maji, mvuke ule uliingia puani kwa Mama Makoti ukamrudisha kwa Bi Mkubwa, kwenye jasho la Desemba na foleni ya wateja wanaotaka nguo zao kabla ya sikukuu, na wasichana wawili wanaocheka mpaka wanafukuzwa nje. Alilazimika kutoka akajifanya ana kitu jichoni. Alikuwa amekikosa chumba kile miaka yote hiyo na hakuwahi kumwambia mtu.

Lakini fundi ni fundi, jicho lake halilali. Chumbani mle aliona kifuko cha kuchomekea sindano, na sindano zote zina uzi tayari, nyeusi upande huu, nyeupe upande ule, rangi nyingine katikati. Kwa Bi Mkubwa kulaza sindano na uzi wake lilikuwa kosa la kuchapwa. Aliona pia kwamba Marinda akimimina chai huweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Akiingia mtu, Marinda humsubiri aseme neno ndipo amwamkie kwa jina. Na kazi za sikukuu alizikataa zote. "Nina mgeni mwaka huu," aliwaambia wateja dirishani, na mgeni mwenyewe akajiona amekuwa kisingizio.

Asubuhi moja alitoka mapema kutafuta maji ya kunywa, akamkuta Dereva amesimama dirishani mwa chumba cha kushonea, miwani puani, ulimi nje, anapigana na sindano. Alikuwa analowesha uzi mdomoni, anakosa tundu, anaitukana sindano kwa sauti ya chini, anajaribu tena. Mikono ile ilikuwa imezoea usukani mpana kama sinia.

"Ndiyo kazi ya kustaafu?" Mama Makoti akamuuliza.

Dereva alishtuka, kisha akaona hakuna pa kukimbilia.

"Usimwambie kwamba umeniona. Yeye hajawahi kuniomba na mimi sijawahi kumwambia. Asubuhi anazikuta zina uzi, anashona. Basi."

"Haoni?"

"Mwanga anauona. Watu anawaona kama vivuli. Daktari alisema hakuna miwani ya kusaidia." Alichomeka sindano mahali pake. "Mwaka huu alimshonea Mama Duka wa hapo jirani sare ya duka, ikatoka na mikono yote miwili ya kushoto. Na Mama Duka umeshamsikia, akipata habari hamezi. Mtaa mzima ulicheka. Binti yetu akaja mbio. Akasema mama amezeeka, amechoka, likitokea jingine kama hilo anaiuza cherehani na kumhamishia mama kwake. Anakuja Krismasi kumwangalia."

"Binti anajua habari ya macho?"

"Hajui. Anadhani ni uchovu. Akijua ndiyo hatangoja hata sikukuu iishe." Dereva akavua miwani. "Shemeji, cherehani ikitoka humu ndani, na yule mama anatoka. Mwili wake utabaki kwa binti, lakini yeye hatakuwepo. Mimi namjua."

Mama Makoti alikunywa maji yake taratibu. Sasa alielewa kwa nini Marinda aliomba, na alielewa pia kwamba hataambiwa kwa nini. Iliuma. Walikuwa chanda na pete, yeye na Marinda, wakilala kitanda kimoja na kula sahani moja, na leo mwenzake anapapasa gizani peke yake kwa kuogopa aibu. Alimkasirikia siku nzima. Jioni hasira ikamwisha, akabaki na huruma, na huruma alijua Marinda asingeitaka hata akipewa na kilemba juu yake.

Desturi iliendelea kama zamani. Mama Makoti alimshonea Marinda gauni la bluu wakati Marinda ameenda mazoezi ya kwaya. Marinda naye alishona mchana, mlango umefungwa, mgeni amefukuzwa akaote jua. Kutoka kwenye ngazi Mama Makoti aliisikia cherehani ikikimbia, ikisimama, ikikimbia tena, na mara mojamoja sauti ya Marinda akiimba. Ilikuwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote duniani.

Jioni ya mkesha, jua likiwa bado halijatoka kwenye ukuta wa nyuma, walikabidhiana. Marinda alilipapasa gauni lake la bluu tangu kola hadi pindo, kidole kikifuata kila mshono, akacheka.

"Shingo safari hii umeniachia nipumue."

"Nimekua sasa. Lete langu."

Mama Makoti alifungua karatasi. Alichokiona kwanza ni ufundi. Sketi yake ilikuwa na marinda yaliyokunjwa sawa kama kurasa za kitabu kipya, mkono umekaa begani bila kasoro, kola imelala, pindo halionekani lilipoanzia. Kisha akaona rangi. Kitambaa kilikuwa pamba ya maua, nyekundu kali na kijani kibichi, ya kupendeza mno, lakini hayo yote yalikuwa ndani, yameegemea mahali pa ngozi. Nje ulikuja mgongo wa kitambaa, umepauka, maua kama yameoshwa mara mia kwa sabuni ya magadi. Kila kipande, kuanzia kifuani hadi mfukoni, kilikuwa kimegeuzwa. Pamba ile ukiishika ni laini pande zote mbili. Vidole haviwezi kujua uso uko wapi, na Marinda hakuwa na kitu kingine cha kumwambia.

Marinda alikuwa amesimama, mikono ameifumbata tumboni kama mwanafunzi mbele ya Bi Mkubwa.

"Sema basi! Maua yamekaaje? Nilikinunua zamani kitambaa hicho, nikakitunza. Nilijua kitakuwa chako."

Mama Makoti alilishika gauni mabegani, akaliinua.

"Marinda, sijawahi kushonewa hivi maisha yangu yote."

Na hapo hakutia chumvi.

Baadaye, Marinda alipokuwa anaoga, Dereva alichungulia lile gauni kwenye kiti. "Mbona limepauka?" akauliza, halafu akaona ndani, akakaa chini. Wakajadiliana kwa kunong'ona kama wezi. Kulifumua na kulishona upya? Halimaliziki kabla ya asubuhi, na cherehani ina sauti. Kulimwagia chai? Dereva alilipenda wazo hilo, hata akaenda kuangalia kama birika lina kitu. Mwisho akasema, kwa unyonge kabisa:

"Unaonaje ukivaa koti juu yake?"

"Nife kanisani?"

"Binti atakuwepo, shemeji. Mama Duka atakuwepo. Ukivaa hivyo, tumekwisha. Usipovaa, Marinda atajua kuna kitu."

Mama Makoti alilikunja gauni, akaliweka kifuani. Alikumbuka shingo ile nyembamba, kijiko cha chai, na msichana aliyekataa kufungua kifungo mpaka jua lizame.

"Nitalivaa," akasema.

Krismasi iliamka na joto la kuokea mkate. Watu walifurika uwanja wa kanisa hata kabla ya ibada kuanza, nguo mpya zinang'aa, watoto wanapepewa kwa vitabu vya nyimbo. Binti alikuwa ameshafika kutoka mji anakofanya kazi ya ukunga, amevaa viatu vya kazi hata siku ile, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alimkumbatia mama mdogo wake kutoka ughaibuni, na Mama Makoti aliyaona macho yale yakishuka juu ya gauni, yakasita kwenye mfuko, yakapanda tena. Marinda alisimama kati yao ndani ya bluu yake, kichwa juu, mkono wake umefungwa kwenye mkono wa rafiki yake.

Wangepita salama kama si Mama Duka. Mama huyo alikuwa na kifua cha kuitia watu wa mtaa wa pili bila simu, na siku hiyo alikuwa amesimama katikati ya uwanja.

"Mama mgeni!" akapaza. "Jamani mama mgeni! Umevaa nguo nje ndani!"

Vichwa vikageuka. Mtu akaguna, wasichana wakacheka nyuma ya viganja. Dereva alitazama angani kana kwamba ndege yake imechelewa. Mkono wa Marinda ukakaza ghafla, vidole vikazama kwenye nyama ya mwenzake.

"Najua," Mama Makoti akasema.

"Unajua?"

"Si ndivyo tunavyovaa kule? Nilimwambia mwenyewe Marinda anishonee hivi. Maua yawe ndani." Alikuwa mwongo mbaya tangu utoto, lakini siku hiyo ulimi ulipata mafuta. "Nguo ya rangi kali kila mtu anaweza kuivaa, mama. Hii ya maua kwa ndani ni ya mtu anayejua. Ukitembea, pindo likiruka, ndipo yanaonekana kidogo tu." Akazunguka pale uwanjani, mama mzima na nywele zake nyeupe, marinda yakafunguka, na nyekundu ile ikachungulia na kujificha.

Mama Duka alimsogelea bila aibu, akashika pindo, akaligeuza, akatazama mishono.

"Kweli jamani. Hajageuza. Mshono uko ndani, limekatwa hivyo makusudi." Akalishika bega. "Na ulivyokaa huu mkono! Marinda, mikono yako bado ipo, mama. Mimi ulinipa ya kushoto mitupu."

Safari hii watu walicheka pamoja na Marinda, si dhidi yake. Binti naye aliinama akaangalia mshono, akanyanyuka. "Mama bado anashona vizuri," alimwambia baba yake, na Dereva akapata pumzi. Waliingia kanisani. Wakati wa nyimbo Mama Makoti aliona kwamba kule kwenye kwaya Marinda hakuimba hata ubeti mmoja.

Mchana, baada ya kula, nyumba ilitulia kwa joto. Dereva alikoroma kwenye kiti. Binti alikuwa jikoni na vyombo. Marafiki wawili walikaa kwenye ngazi za nyuma, miguu kwenye beseni moja.

"Nje ndani," Marinda akasema.

Mama Makoti alilivuta pindo la gauni lake juu ya magoti.

"Nilikipapasa, Kijiti. Nilikipapasa pande zote. Nikasema uso ni huu. Nilikuwa na hakika kabisa." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ukaliona tangu jana. Ukalivaa mbele ya watu wote wale."

"Wewe ulinivalia shingo ya kuku kutwa nzima. Nilidhani utakufa."

"Ile ilikuwa utoto."

"Na hii ni uzee. Sharti ni lile lile." Mama Makoti alichezesha maji ya beseni kwa mguu. "Kwa nini hukuniambia? Nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika. Ungeniambia, ningekuja hata kwa miguu."

"Nilitaka uje kwa fundi mwenzako. Sikutaka uje kwa kipofu." Neno hilo alikuwa hajawahi kulitamka, na lilipotoka alibaki amelishangaa. "Nilijua nitakushonea moja la mwisho zuri, halafu ndiyo nitafunga. Nimekushonea kinyago."

Kabla Mama Makoti hajamjibu, sauti ya Mama Duka ilishaingia kwa mlango wa mbele na kuijaza nyumba. Dereva akaruka usingizini, na wale wawili wakatoa miguu kwenye beseni wakaingia sebuleni. Mama Duka alikuja na kitambaa chini ya kwapa, bado kwenye karatasi ya dukani.

"Samahanini kwa sikukuu yenu, lakini sina subira. Marinda! Nataka kama la mgeni. Maua ndani. La mwaka mpya. Na dada zangu wawili wanataka pia, nimewaambia nianze mimi."

Marinda akaanza kucheka. Alicheka akainama, akashika magoti, akamshika Mama Makoti, naye akaambukizwa, wakacheka kama wanafukuzwa na Bi Mkubwa, mpaka Mama Duka akauliza kama wamekunywa kitu. Binti alitoka jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akasimama mlangoni.

Marinda alijifuta uso kwa pindo la gauni lake la bluu. Alimsikia binti. Nyayo za mtoto wake alizijua.

"Nitakushonea," alimwambia Mama Duka. "Lakini itabidi mwenyewe unionyeshe uso wa kitambaa uko upande gani. Mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Uso wako ni kivuli. Mikono yako ya kushoto ni kwa sababu sikuona. La mgeni nilikosea, hakuna mtindo wowote huko kwao. Alinisitiri tu."

Mara hiyo, kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule, Mama Duka alikosa la kusema. Dereva alisimama katikati ya sebule kama gari lililozimika. Na Mama Makoti alimtazama binti, maana sasa kila kitu kilikuwa mikononi mwa yule binti na viatu vyake vya kazi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" binti akauliza.

"Ungeichukua cherehani."

Binti alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ningeichukua," akasema. Akalitazama lile gauni lililopauka, bega lilivyokaa, marinda yalivyolala. Alilitazama muda mrefu. Kisha akaweka kitambaa cha vyombo chini, akachukua kile cha Mama Duka, akakifungua juu ya meza, akafuata pini kwenye kifuko cha sindano, akaichomeka pembeni. Alishika mkono wa mama yake, akauweka juu ya pini.

"Uso huu hapa, mama. Penye pini ndiyo uso."

Marinda aliigusa pini, akaizunguka kwa kidole. "Sogea basi nikupime," alimwambia Mama Duka. Akafungua mikono, akamkumbatia, akakaza, akalegeza. "We mwanamke, umenenepa tangu ile sare."

"Ni sikukuu," Mama Duka akajibu, na yeye alikuwa analia kwa sauti ileile ya kuitia watu.

Siku zilizobaki zilikwenda haraka kama zinavyokwenda siku nzuri. Mama Makoti alifungua sanduku la vitambaa akachomeka pini kwenye uso wa kila kimoja, na jioni wakakaa kwenye ngazi wakimsema Bi Mkubwa. Siku ya safari, uwanjani, Marinda alimkumbatia akiwa bila koti, akakaza, akalegeza, akakaza tena chini ya mbavu, na hakuachia.

"Nishapimika," Mama Makoti akasema.

"Tulia. Sijamaliza."

Kule alikorudi giza lilishaingia ingawa ilikuwa mchana. Theluji ilianguka bila harufu. Ndani ya basi abiria walikaa kimya, kila mtu amejifunika hadi puani. Mama Makoti alikuwa amelegeza kifungo cha juu tu cha koti lake, na mwanamke aliyekaa jirani, mtu mpole, aliiona kola iliyopauka ya gauni ikichungulia. Alimgusa bega, akamwinamia kwa adabu, akamnong'oneza kwamba samahani, nguo yake ameivaa nje ndani.

"Najua," Mama Makoti akamjibu, akafungua vifungo vyote vilivyobaki ili gauni lionekane.